Kwenu wakuu wa huduma za damu: aliyechangia mara moja ni wa nani?

Kwa wakurugenzi wa benki za damu, waganga wakuu wa hospitali, mameneja wa uhamasishaji, na ninyi wa wizarani mnaopitisha bajeti.

YAH: MCHANGIAJI WA MARA YA PILI

Waheshimiwa, salamu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kama mchangiaji wa siku nyingi ambaye pia hujitolea kwenye kampeni zenu. Kazi yangu ni ile isiyohitaji cheti: kukaa kwenye meza ya mapumziko, kugawa maji, soda na biskuti, na kuwaangalia waliotoka kitandani wasije wakaanguka. Ni meza ambayo ninyi wakuu hamkai sana. Mkija siku ya kampeni mnapelekwa kwenye viti vya wageni, mnahutubia, mnapigwa picha mkiwa mmelala na kimpira cha kubonyeza mkononi, mnaondoka. Sisemi kwa ubaya, maana picha ile huleta watu. Ila mambo ninayotaka kuwaeleza huonekana vizuri zaidi kutoka pale mezani, kwa sababu hapo ndipo mchangiaji mpya anapokaa robo saa nzima bila kazi yoyote, pamba mkononi na furaha usoni, halafu sisi tunamwacha aende zake.

Ombi langu ni hili: aliyechangia kwa mara ya kwanza apewe mwenyewe. Awepo mtu, kwa jina na cheo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha huyo anarudi, na ambaye ataulizwa asiporudi. Hivi sasa kila mmoja ana hesabu yake. Mhamasishaji anahesabiwa watu aliowaleta, muuguzi anahesabiwa chupa alizojaza, maabara inahesabiwa sampuli ilizopima. Mchangiaji akishavuka mlango haingii kwenye hesabu ya mtu yeyote mpaka kampeni nyingine, ambapo tunaanza upya kusaka wageni kwa spika na vipeperushi. Huku ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa nini nang'ang'ania wa mara ya pili? Ninyi mnajua kuliko mimi, lakini barua hii ni ya wazi, na wapo watakaoisoma bila kujua. Kila chupa hupimwa, walau, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Vipimo ni vizuri, ila kila maambukizi yana kipindi chake cha mwanzo ambapo vijidudu vimo mwilini na kipimo hakivioni. Ndiyo maana maswali ya ana kwa ana kabla ya sindano yana uzito sawa na mashine za maabara. Aliyekwisha kuchangia, akapimwa, akaelewa kwa nini anaulizwa maswali yale ya faragha, kisha akarudi kwa hiari yake, damu yake ina hatari ndogo kuliko ya mgeni. Kundi lake linajulikana. Mshipa wake unajulikana. Hofu yake ya kwanza imeshapita. Gharama ya kumpata ilishalipwa.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi zijenge huduma zake juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa tangu azimio la Mkutano Mkuu wa Afya wa mwaka 1975. Takwimu zake za karibuni zinasema duniani hukusanywa damu mara milioni 118.5 kwa mwaka, na asilimia 40 ya hiyo hutoka nchi za kipato cha juu, zenye asilimia 16 tu ya watu wote. Katika nchi hizo, kwa kila watu 1,000 damu hutolewa mara 31.5, katika nchi za kipato cha chini ni mara 5. Siamini hata kidogo kwamba watu wa huko wana huruma mara sita kuliko wengine. Wana orodha. Wana mtu wa kupiga simu. Wana kiti unachoweza kukiwekea miadi ukatoka kazini, ukachangia, ukarudi kazini.

Tumeichosha mno methali ya kutoa ni moyo. Imeandikwa kwenye kila fulana na kila bango. Moyo humleta mtu mara ya kwanza, hilo sibishi. Nimewaona wakija kwa sababu shangazi alinusurika katika uzazi, au mtoto wa jirani ana selimundu, au rafiki kawavuta mkono tu. Lakini anayerudi mara ya tatu na ya nne ukimuuliza hakuelezi habari za moyo. Atakwambia: "Walinipigia," au "Napita hapa kila Jumamosi," au "Muuguzi yule ananifahamu." Ni mambo ya utaratibu, na utaratibu ndio mnaolipwa kuusimamia.

Tuchukue kalenda. Juni 14 ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, iliyowekwa siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, yule aliyegundua makundi ya damu. Siku hiyo vitanda hujaa, foleni hufika barabarani, wengine hurudishwa kwa sababu mifuko imekwisha. Sasa piga hesabu. Seli nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hadi 42, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Damu yote ya Juni 14 ambayo haijatumika, kufika mwisho wa Julai ni ya kutupwa. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda na zinazohitajika na wagonjwa wa saratani na wanaovuja damu, hazifiki hata huko: siku tano, pengine saba, basi. Kwa upande wa pili, mtu aliyechangia siku ile, kwa utaratibu wa miezi mitatu unaotumika sehemu nyingi, anaruhusiwa kuchangia tena kuanzia katikati ya Septemba. Kuna nani Septemba? Hakuna mgeni rasmi, hakuna muziki, hakuna fulana. Watu wale wote, ambao majina na namba zao mnazo, wako tayari kimwili, na hakuna anayewaambia.

Badala yake, wodi ikikauka, hutumwa ujumbe kwa kila mtu aliyewahi kuandikishwa: DHARURA! KUNDI O LINAHITAJIKA HARAKA! Nimeupokea mimi nikiwa na wiki tatu tu tangu nichangie. Nimeupokea na mimi si kundi O. Mara ya kwanza unashtuka, mara ya pili unajiuliza, kuanzia hapo unaufuta bila kuusoma. Siku ya dharura ya kweli itakapofika mtakuwa mmeshawazoesha watu kuzifuta. Ujumbe mmoja uliopelekwa kwa mtu sahihi, siku aliyoruhusiwa kuchangia, ukimtaja jina na kumwambia mahali na saa, una kazi kubwa kuliko kelele kumi za namna hiyo.

Na wala hili si jambo jipya lililoletwa na simu za mkononi. Mwaka 1921, London, Percy Lane Oliver, mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu, alipigiwa simu na hospitali iliyohitaji mtu wa kutoa damu upesi. Alikwenda na wenzake kadhaa, akapatikana mmoja aliyefaa. Kilichomfanya akumbukwe ni alichofanya baadaye. Alikaa akaanzisha orodha ya watu walio tayari, kila mtu na kadi yake, simu ikiwa nyumbani kwake mchana na usiku. Kwa maneno mengine, huduma ya wachangiaji wa hiari inayokumbukwa na historia kuwa ya kwanza ilianza kwa kadi na mtu wa kuzisimamia. Miaka zaidi ya 100 baadaye tuna kompyuta, na bado nakutana na wachangiaji ambao hawajawahi kuitwa na mtu tangu siku waliyochangia.

Sehemu ya tatizo iko kwenye fomu yenyewe. Nafasi ya namba ya simu iko chini kabisa ya ukurasa, imebanwa kati ya sahihi na tarehe, vijisanduku vidogo kuliko kidole cha mtoto. Mtu anaijaza akiwa amesimama, fomu juu ya goti au mgongoni mwa mwenzake, kalamu moja inazunguka kwa watu ishirini. Nimeziona namba zenye tarakimu tisa, namba zisizosomeka moja na saba, namba za kaka mtu. Hakuna anayezihakiki pale, kwa sababu si kazi ya mtu yeyote pale. Nawaomba jambo dogo kabisa: mtu akiwa amekaa mezani anakunywa maji yake, asomewe namba yake kwa sauti ya chini aithibitishe, aulizwe kama anakubali kupigiwa, na saa gani inamfaa. Anao muda. Hana pa kwenda, tumemkataza kuondoka.

Robo saa ile ndiyo nataka niizungumzie kwa kirefu. Kijana mmoja alikaa mbele yangu, biskuti hata hajaifungua, akatazama mkono wake uliofungwa bandeji, akauliza, "Kwa hiyo tunaonana lini tena?" Aliuliza kwa dhati. Nikamwelekeza kwa mhudumu. Mhudumu, ambaye alikuwa amesimama tangu alfajiri na sikumlaumu, akamjibu, "Tutatangaza." Kijana akasema sawa, akaondoka. Mtu aliomba mwenyewe miadi akaambiwa asubiri tangazo! Jibu lilipaswa kuwa tarehe. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ndogo, na mahali, hata kama itabadilika. Mtu mwenye tarehe mfukoni ni tofauti na mtu mwenye nia njema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wachangiaji wapya kwa miaka, ukaona kwamba jinsi mtu anavyorudi mara nyingi ndani ya mwaka wake wa kwanza ndivyo anavyoelekea kuwa mchangiaji wa kudumu. Mwaka wa kwanza ukipita hivi hivi, huyo mmempoteza, na kumrudisha ni kazi nyingine.

Kadi hiyo hiyo ijibu swali ambalo karibu kila mgeni huliuliza: "Kundi langu la damu ni lipi?" Watu wana hamu ya ajabu na jambo hilo. Nimeona mtu akipokea jibu lake akawapigia simu ndugu zake watatu pale pale. Lakini mahali pengi anaambiwa afuate kadi yake ofisini, siku za kazi, saa za kazi, akifika mhusika ametoka. Msimpoteze mtu kwa kadi. Mtumieni kwa simu majibu yanayoweza kutumwa hivyo, na yale ya siri yanayohitaji ushauri yatolewe ana kwa ana na mtu aliyefundishwa, kama inavyotakiwa. (Na hapa niseme: wapo wanaokuja kuchangia ili wapimwe bure. Waelekezwe kwa upole kwenye vituo vya kupima, kabla ya sindano. Kile kipindi ambacho kipimo hakioni kitu ndicho kinachofanya ujanja huo uwe hatari kwa mgonjwa.)

Kisha kuna kuzirai, jambo linalostahili maneno mengi kuliko linavyopewa. Mnajua si ugonjwa. Mishipa ya fahamu hushusha ghafla mapigo ya moyo na presha, mtu anatoka jasho, anapauka, akilazwa na kuinuliwa miguu hupata nafuu baada ya dakika chache. Huwapata zaidi vijana, wenye uzito mdogo, na wanaochangia kwa mara ya kwanza, yaani wale wale tunaotaka warudi. Tafiti zinaonesha kwamba aliyepatwa na hali hiyo mara ya kwanza hupungukiwa sana na hamu ya kurudi, na mimi sihitaji tafiti kwa hilo. Binti mmoja alianguka hatua mbili kutoka mezani, mbele ya wenzake, na mmoja wao tayari alikuwa ameinua simu anarekodi. Muuguzi alifanya kazi yake vizuri: alimlaza, akampima, akampa soda. Lakini hakuna aliyemwambia binti yule kwamba jambo hili ni la kawaida, kwamba halimaanishi damu yake ni mbovu au mwili wake ni dhaifu, na kwamba kuna njia ya kulizuia safari nyingine. Aliondoka ameinamisha kichwa. Kesho yake hakuna aliyempigia.

Kinga ya jambo hili ni nafuu kiasi cha kutia aibu. Nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya sindano. Kukaza na kulegeza misuli ya mapaja na miguu mtu akiwa kitandani. Kutoinuka kwa haraka. Basi. Sasa niwaambie nilichokiona: maji yote ya kampeni huwa mezani kwangu, yaani baada ya sindano, na kule kwenye foleni, watu wamesimama juani kwa muda wa saa mbili, hakuna hata chupa moja. Nilipouliza niliambiwa maji ni ya waliochangia, ndivyo bajeti ilivyoandikwa. Wakuu, hilo mnaweza kulirekebisha kwa sentensi moja.

Simu ya siku inayofuata nayo isiwe ya mbwembwe. "Habari za asubuhi, hapa ni benki ya damu. Mkono unasemaje? Ulilala vizuri?" Dakika mbili. Mwenye alama ya bluu pale alipochomwa ataambiwa itaisha, mwenye kizunguzungu ataambiwa anywe maji na apumzike, na mwenye tatizo la kweli atagundulika mapema. Sweden wamekwenda mbali zaidi. Mchangiaji hupata ujumbe siku damu yake inapotumika kwa mgonjwa. Jina la mgonjwa halitajwi, na halihitajiki. Nimewahi kusikia mkuu mmoja akisema sisi hatuna mfumo wa namna hiyo. Pengine, ila mfuko una namba, na namba ile huandikwa unapotoka benki kwenda wodini. Anzeni na hospitali moja.

Kuna kundi lingine tunalolipoteza kabla hata sindano haijaguswa. Mwanamke amejipanga, ameomba ruhusa, amekaa kwenye foleni, anatobolewa kidole. Tone la damu linadondoshwa kwenye kile kimiminika cha buluu. Likizama, anapita. Likielea, wingi wa damu yake uko chini ya kiwango, ambacho sehemu nyingi ni gramu 12.5 kwa desilita. "Damu yako ndogo, mama. Anayefuata!" Kwa sauti, mbele za watu. Amekuja kutoa, anarudi nyumbani akidhani ni mgonjwa, au anaona haya kwa waliomsikia. Huyu ni mtu aliyekwisha kushinda hofu ya sindano, uvivu na foleni, na bado tunamhesabu kama aliyeshindwa, maana kwenye ripoti hakuongeza chupa. Anahitaji dakika tano na mtu wa kukaa naye pembeni. Aambiwe kiwango chake kwa maandishi, aende kituo cha afya akachunguzwe sababu, ale nini, arudi mwezi gani. Nasema kwa kuona: aliyeelezwa vizuri hurudi, na huja na mwenzake.

Madini ya chuma yenyewe ni somo ambalo wahamasishaji wetu hulikimbia, kwa kuogopa kutisha watu. Mimi naona kulificha ndiko kunakotisha. Chupa moja ya mililita 450 hubeba kiasi cha miligramu 200 hadi 250 za chuma. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, seli nyekundu huchukua wiki kadhaa, lakini akiba ya chuma huchelewa zaidi ya hapo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2015, ulionesha kwamba kati ya wachangiaji ambao hawakupewa vidonge vya chuma, theluthi mbili walikuwa bado hawajarudisha akiba yao baada ya siku 168. Kwa hiyo ninapodai watu waitwe tena sidai wakamuliwe. Mpangieni kila mtu muda wake, mwanamke muda mrefu kuliko mwanamume kama wengi wanavyofanya, na pale inapofaa kitaalamu wapewe vidonge. Mchangiaji anayeona mnajali afya yake hata kuliko chupa yake atawaamini miaka mingi.

Nakuja kwa ndugu wa wagonjwa. Katika hospitali nyingi chupa hutolewa wodini kwa sharti la kurudishia, na familia hukusanyana kutafuta nani atoe. Najua malengo ni kuachana na utaratibu huo, na nayaunga mkono, kwa sababu ndugu aliyebanwa anaweza kuficha jibu la swali la faragha ili mgonjwa wake asikose. Lakini wakati tunaungoja mwisho wake, tazameni kinachotokea: kila siku wanapita mikononi mwenu watu wazima wenye afya, waliokwisha kupimwa, ambao wameona kwa macho yao kazi ya damu. Hakuna mhadhara unaoweza kuwafundisha zaidi. Na tunachowapa ni kikaratasi cha kuonesha wodini, mambo yamekwisha, deni limelipwa. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba wanaweza kurudi wakiwa hawana mgonjwa.

Waiteni hao. Ila waiteni kwa akili. Mpigaji simu asianze na "Mgonjwa wako anaendeleaje?" maana wapo waliozika. Nimemsikia mmoja akielezea simu ya namna hiyo, na alivyokata bila kujibu. Aseme tu kwamba anapiga kushukuru kwa damu aliyotoa tarehe fulani, anyamaze, amwachie mwenyewe aseme anachotaka kusema. Wengine watasimulia kwa kirefu. Wasikilizwe. Asiombwe kitu siku hiyo kama hali si nzuri.

Hawa hawa ndio watakaowauliza swali gumu: "Tulitoa bure, mbona wodini tuliambiwa tulipie?" Msilikwepe. Mifuko, vitendanishi, majokofu, umeme na mishahara vina gharama, na mahali pengine mgonjwa huchangia gharama hizo, mahali pengine hapana. Kama ada ipo kisheria, ibandikwe ukutani pamoja na maelezo ya inalipia nini. Kama haipo, ibandikwe pia kwamba haipo, na namba ya kumripoti anayeidai. Tetesi moja ya damu iliyouzwa inafuta kazi ya wahamasishaji wa mwaka mzima, na haijibiwi kwa bango lenye picha ya tone linalotabasamu.

Zawadi sitaki kuzizungumzia sana. Fulana ni nzuri, mwavuli ni mzuri zaidi, na zawadi ndogo haijamharibu mtu. Pesa taslimu hapana. Mwenye shida ya pesa atakuwa na sababu ya kudanganya kwenye maswali. Ila naona bajeti kubwa ikienda kwa fulana za wanaoanza, na anayefikisha mara kumi hana hata cheti.

Kinachoshinda zawadi ni kuwa na wenzako. Mwaka 1989 Zimbabwe walianzisha klabu ya vijana waliojiwekea lengo la kuchangia mara 25, na pamoja na hilo kuishi kwa namna itakayoiweka damu yao salama, wakati Ukimwi ulipokuwa unatisha kila mahali. Wazo hilo limesambaa nchi nyingi kwa jina la Klabu ya 25. Busara yake ni kwamba haikumwomba kijana chupa moja. Ilimpa idadi ya kuifuata, kundi la kwenda nalo, na watu wa kumuuliza alikuwa wapi mwezi uliopita. Mwanafunzi aliyechangia shuleni akimaliza masomo hupotea kabisa, kwa sababu gari la damu hufuata shule, halimfuati yeye. Klabu inaweza kumfuata.

Sasa, kwa vitendo. Mwajirini, au mteueni kati ya mlio nao, msimamizi wa wachangiaji waliokwisha kuchangia. Si mhamasishaji mwenye kazi nyingine saba. Kwenye ripoti ya kila mwezi, chini ya mstari wa chupa zilizokusanywa, wekeni mstari mwingine: kati ya waliochangia kwa mara ya kwanza mwaka mmoja uliopita, wangapi wamerudi? Uandikwe hata kama unatia aibu, hasa kama unatia aibu. Chukueni sehemu ya fedha ya Juni 14 muipeleke Septemba. Fungueni kituo kimoja jioni na Jumamosi, maana mnaowatafuta wako kazini mnapokuwa wazi.

Simu za kuwarudisha wachangiaji hazihitaji kusubiri ajira mpya. Wapo wachangiaji wa siku nyingi, mimi nikiwa mmoja, walio tayari kuzipiga jioni bila malipo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni orodha ya waliokubali kupigiwa, salio, na nusu siku ya kufundishwa kutunza siri za watu. Nasubiri majibu yenu.

Wenu mtiifu,
Mchangiaji